Wadudu wa kipupwe, na sisi tunaojua kuua tu

Ndugu zangu wasomaji, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kazi, nimeoa au nimeswekwa ndani kwa sababu ya kalamu. Hakuna hata kimoja. Nilichukua likizo yangu ya mwaka nikaenda nyumbani, Vwawa.

Kwa wale mnaoijua Vwawa kwa kuichungulia kupitia dirisha la basi la Tunduma, niwakumbushe kidogo. Ni mji wa Mbozi, na tangu mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 ndiyo makao makuu ya mkoa. Uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, mtu akikusalimia anatoa moshi mdomoni kama anavuta sigara. Ninyi wa Dar mnaovaa masweta joto likishuka nyuzi mbili, nendeni mkaone kipupwe chenyewe.

Leo nimekuja na ugomvi. Nagombana na wazazi, walimu, waandishi wenzangu, na kidogo nagombana na mimi mwenyewe. Ugomvi wenyewe unahusu wadudu. Ndiyo, wadudu. Usiondoke kwanza.

Siku ya pili nyumbani nilimkuta binti wa dada yangu, yuko darasa la tano, amejifunika kitenge cha bibi yake, anafanya kazi aliyopewa ya likizo. Swali linasema achore mdudu na ataje sehemu zake kuu. Amechora vizuri kuliko mimi: kichwa, kifua, tumbo, miguu sita, papasi mbili. Mishale yote imenyooka kwa rula. Nikamsifia, kisha nikamuuliza, "Huyu ni mdudu gani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Ni mdudu wa kwenye daftari, anko."

Nikacheka, halafu kicheko kikakata. Nikamuuliza kama anaweza kunionyesha mdudu wa kweli hapo uani, tumlinganishe na mchoro. Akasema, "Saa hizi hawapo anko, ni baridi. Wamekufa wote. Watarudi mvua ikija." Kaka yake akaunga mkono. Mama yao, aliyekuwa anapita na ndoo ya kahawa, naye akaunga mkono. Nikagundua kwamba na mimi, mwenye digrii kutoka Mlimani, nilikuwa naamini hivyo hivyo bila kuwahi kukaa chini nikafikiri. Kama wamekufa wote, wa mvua ijayo wanatoka wapi? Wanashuka na mvua?

Basi nikatangaza uani kwamba kesho asubuhi tunakwenda kuwatafuta marehemu.

Saa moja na nusu asubuhi walikuwa saba. Wawili wa dada, mmoja wa kaka, na wanne wa majirani waliokuja kwa sababu walisikia kuna anko wa gazetini ana simu yenye kamera nzuri. Vifaa vyetu vilikuwa shuka moja jeupe lililochakaa, fimbo, makopo mawili ya plastiki, daftari na kalamu. Tukaingia kwenye kahawa nyuma ya nyumba.

Kazi ni rahisi. Mmoja anatandaza shuka chini ya tawi, mwingine analigonga tawi mara mbili tatu kwa fimbo. Wote wanachuchumaa kuangalia kilichoanguka. Mti wa kwanza waliangusha majani makavu na kelele nyingi. Kisha yule mdogo kuliko wote, wa darasa la kwanza, akasema, "Jani linatembea."

Kuanzia hapo sikuwa na kazi tena. Walijiongoza wenyewe.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo sikuwahi kufundishwa darasani: kipupwe ndio wakati mzuri kabisa wa mtoto kumjua mdudu. Mdudu hana joto lake la kutosha mwilini kama wewe na mimi, anategemea joto la nje. Asubuhi ya baridi anakuwa mzito. Kipepeo ambaye mwezi wa pili ungemkimbiza hadi kwa jirani bila kumgusa, mwezi wa saba saa moja asubuhi amekaa kwenye jani anasubiri jua, na mtoto anaweza kumhesabu miguu bila kumshika. Panzi naye hivyo hivyo. Kwa hiyo wakati tunaosema hawapo ndio wakati wanaotusubiri.

Tulipata nini? Nitaje kwa ufupi.

Kwenye kijiti cha ua tulikuta kitu kama povu lililokauka, gumu, rangi ya udongo. Watoto walidhani ni uchafu. Ni mayai ya vunjajungu. Mama yake huyatia kwenye povu, povu linakauka, na ndani yake yanakaa mayai mengi yakisubiri hali nzuri. Vunjajungu mnamfahamu, yule mdudu mrefu anayekunja mikono kama anasali. Jina lake linatokana na imani kwamba ukimgusa utavunja chombo nyumbani. Ndivyo tulivyo. Mdudu anayekula wadudu wengine shambani kwetu tumempa jina la kuogofya watoto wasimsogelee.

Kwenye miti kulikuwa na vifuko vya vijiti vinaning'inia, kila kimoja kama mzigo mdogo wa kuni. Ndani yuko buu aliyejijengea nyumba, anatembea nayo na kula nayo. Chini ya kibaraza, kwenye vumbi kavu, tulikuta vishimo vile vya mfano wa faneli. Mwenye shimo yuko chini kabisa, amejifukia, ameacha taya tu. Sisimizi akiteleza hatoki. Watoto wote walimjua, kwa sababu kila mtoto wa Afrika aliyewahi kukaa kwenye vumbi amemchokoza kwa kijiti. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yule mtambaaji wa kinyumenyume ni mtoto, na akikua anapata mabawa manne marefu na kufanana na kereng'ende. Nikawaambia pia kwamba maisha yake yote ya utoto haendi haja kubwa, kwa sababu njia ya kutokea imefungwa hadi awe mkubwa. Hiyo ndiyo taarifa iliyosambaa mtaani kwa kasi kuliko zote. Jioni watoto ambao hawakuja walikuwa wananisimamisha njiani kuuliza kama ni kweli.

Buibui alipoanguka kwenye shuka yule binti wa darasa la tano alimhesabu miguu akapata minane. Akasema kwa sauti ya mwalimu, "Huyu si mdudu." Kwa mara ya kwanza ule mchoro wa daftari ulimfanyia kazi.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha yetu. Neno "mdudu" tumelibebesha mizigo mingi mno. Panzi ni mdudu. Buibui ni mdudu. Mnyoo ni mdudu. Ukienda zahanati unaambiwa una wadudu wa malaria. Meno yakioza ni wadudu. Mtoto anakua akisikia neno hilo moja kwa kila kinachouma, kinachooza na kinacholeta homa. Halafu tunashangaa kwamba akiona kiumbe chenye miguu sita kitu cha kwanza anachofanya ni kuvua ndala.

Ndala ndiyo somo letu la kwanza la wadudu. La pili ni mchoro wa ubaoni. La tatu ni pampu ya dawa. Nitaifikia.

Lakini kwanza niwapeleke ng'ambo kidogo, halafu turudi Mbozi. Mwaka 1988 vipepeo wa kahawia, wadogo, wa kawaida kabisa, walikusanywa Nkhata Bay, pwani ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Si mbali na sisi. Mtu wa Vwawa akipita Kasumulu anafika huko bila kupanda ndege. Vipepeo wale walipelekwa Ulaya na kuzalishwa maabara, na vizazi vyao vimekuwa miongoni mwa vipepeo waliochunguzwa sana duniani. Wanasayansi wanamwita Bicyclus anynana.

Kwa nini? Kwa sababu ya kipupwe. Kiwavi wa kipepeo huyu akikulia kwenye joto la mvua anakuwa kipepeo mwenye madoa makubwa ya macho kwenye mabawa. Akikulia kwenye ubaridi wa kiangazi anatoka na madoa madogo sana, rangi ya majani makavu, anajificha chini miongoni mwa majani yaliyoanguka na kuchelewa kuzaa hadi hali iwe nzuri. Mayai ya mama mmoja, watoto wenye sura mbili, kinachoamua ni joto. Kuna mwingine, Precis octavia, anayepatikana pia Tanzania, ambaye wa mvua ni mwekundu wa machungwa na wa kiangazi ni wa bluu. Ukiwaweka pamoja utaapa kwamba si ndugu.

Sasa niambieni. Watu wa Ulaya wamepata shahada za uzamivu kwa kuchunguza namna mdudu wa kwetu anavyoishi msimu wa kwetu. Mtoto wa kwetu anaambiwa msimu huo wadudu wamekufa. Siwalaumu hao wa Ulaya hata kidogo. Wao waliinama wakaangalia. Nawalaumu waliosimama.

Mbozi tuna kimondo chetu maarufu, jiwe kubwa la chuma. Watu wanatoka mbali kuja kulipigia picha, na ni sawa kabisa, najivunia. Ila nimewaza: mtoto wa Mbozi anapelekwa na shule kuona jiwe lililotoka angani, na hakuna anayemwambia ainue jiwe la kawaida njiani aone aliyelala chini yake.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema, "Kijana, watu wana njaa, wewe unatuletea vipepeo." Sawa. Tuache vipepeo, tuongee njaa.

Bonde la Ziwa Rukwa liko mlangoni kwetu, sehemu yake iko ndani ya mkoa wa Songwe. Ni mojawapo ya maeneo machache yanayojulikana kuwa chimbuko la nzige wekundu. Kati ya 1930 na 1944 nzige hawa walisambaa sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Siku hizi shirika la kazi hiyo liko Ndola, na Tanzania ni mwanachama. Sasa sikilizeni tabia ya mdudu huyu. Anazaa kizazi kimoja kwa mwaka. Tunutu wakishakua na kupata mabawa mwishoni mwa mvua, hawazai hapo hapo. Wanakaa kiangazi chote, kipupwe chote, wakiwa wakubwa ambao hawajakomaa kuzaa. Mvua ikianza ndipo wanataga. Kwa hiyo mwezi wa saba, wakati sisi tunasema wadudu hawapo, nzige wa mwakani yupo hai kwenye majani ya bonde. Anayemjua sasa anaweza kumkuta kabla hajataga. Anayesubiri amwone akiwa wingu ameshachelewa.

Au kiwavijeshi vamizi. Alitoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na 2017 akathibitishwa kwetu. Mdudu huyu halali msimu. Hana likizo. Akikosa mahindi ya mvua anaishi kwenye mahindi ya mabondeni, yale ya vinyungu tunayoyamwagilia kiangazi ili tuchome mahindi mwezi wa tisa. Mtoto anayemwagilia kinyungu ndiye mtu wa kwanza kupita karibu naye. Ana macho mazuri kuliko baba yake na ana muda. Tumemfundisha kutazama nini? Mchoro.

Kwenye kahawa ni hivyo hivyo. Buu la bungua mweupe linakaa ndani ya shina miezi na miezi, likitafuna mti wako huku mti umesimama. Dalili yake ni unga kama wa randa chini ya shina. Watoto wangu saba waliona unga huo kwenye miti mitatu asubuhi moja. Mwenye shamba, ambaye ni mjomba wangu mimi, alikuwa amepita hapo kila siku ya mavuno. Kumtoa buu yule kwa waya hakuhitaji dawa wala mkopo. Kunahitaji mtu aliyeinama.

Sasa nifike kwenye pampu.

Siku ya nne jirani yetu, mzee mmoja ninayemheshimu sana, alikuja na pampu mgongoni. Anakwenda kupiga dawa ya kimatira. Kimatira ni yule mdudu wa umbo la ngao, kahawia iliyokolea, ana madoa ya machungwa na meupe. Anafyonza punje za kahawa zikiwa bichi na kuziachia ugonjwa, ukimenya unakuta buni imeoza. Si mdudu wa mchezo. Mzee hakuwa amehesabu kitu. Aliona wachache mti mmoja, akaenda duka la pembejeo, akauziwa chupa.

Nikamwamkia. "Shikamoo mzee. Naomba watoto wahesabu kwanza, nusu saa tu."

"Wahesabu nini, mwanangu?"

"Kimatira."

Akacheka hadi pampu ikayumba. Akasema wasomi tuna matatizo, lakini kwa sababu alikuwa amechoka akakaa kwenye gogo akakubali. Watoto wakagonga miti kumi na miwili ya mistari tofauti. Wakapata kimatira watano kwa jumla. Nilikuwa nimesoma kwamba wataalamu wa kahawa hutumia wastani wa mdudu mmoja au wawili kwa kila mti kabla ya kuzungumzia dawa. Watano kwa miti kumi na miwili ni chini ya nusu mdudu kwa mti. Pia kwenye shuka walianguka buibui wengi, vunjajungu mmoja mchanga, na wale wadudu wa duara, wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari. Chini ya jani moja tukakuta mayai ya kimatira yamepangwa kama shanga, na kadhaa yalikuwa yamegeuka meusi. Kuna nyigu wadogo sana ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya kimatira, na watoto wao hula kilichomo. Hao ni vibarua wasiodai posho. Ile chupa ingewaua wote, pamoja na nyuki wa mtu wa tatu.

Sitaki kuwadanganya kwamba mzee alilia akatupa pampu. Alikaa kimya, akatazama lile shuka kwa muda mrefu, akasema dawa ameshainunua na pesa haitarudi. Akapiga nusu ya shamba. Nusu nyingine akasema watoto waje wahesabu tena baada ya wiki mbili. Kwangu mimi hiyo nusu ni ushindi mkubwa kuliko habari zote za ukurasa wa mbele nilizowahi kuandika.

Kilichoniumiza ni kingine. Aliyemchanganyia mzee ile dawa asubuhi ni mjukuu wake, wa darasa la sita, kwa mikono mitupu, kwenye ndoo. Mtoto huyo anajua kuchanganya sumu. Hajui kutofautisha kimatira na yule mdudu mwekundu mwenye madoa, ambaye ni mlinzi wake. Tumempa bunduki kabla ya kumwonyesha adui ni nani. Ndiyo maana nimeandika kwa hasira. Suala hili si la vipepeo wazuri wa kuweka kwenye fremu. Ni la watoto kuvuta sumu, na wazazi kutumia pesa za AMCOS kununua chupa ambayo huenda hawakuihitaji.

Mtasema ni kazi ya shule. Ni kweli, na shule nayo nina maneno nayo. Tangu 2005 mitaala yetu inaimba umahiri. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unaimba tena, kwa sauti kubwa zaidi. Lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi kwa miaka mingi umekuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua herufi, na mwalimu mwenye watoto themanini darasani anafundisha kile kitakachoulizwa. Simlaumu mwalimu peke yake. Nimezungumza na mmoja ambaye alisema akiwatoa watoto nje, mzazi mmoja atauliza kwa nini wanazurura. Basi mzazi huyo ndiye nagombana naye leo. Mwanao akiwa ndani anakariri "jozi tatu za miguu" unaona anasoma. Akiwa amechuchumaa nje anazihesabu unaona anazurura.

Na sisi waandishi je? Niliporudi nilimpelekea mhariri pendekezo la makala kuhusu wadudu wa kipupwe. Akaniuliza, "Wameua mtu?" Nikasema hapana. "Wamekula ekari ngapi?" Nikasema bado. Akasema, "Wakila nirudie." Sina kinyongo naye, ndivyo tulivyofundishwa wote. Gazeti linamjua mdudu akishakuwa janga. Mwaka 2017 tuliandika viwavijeshi hadi wino ukaisha. Leo ukitaka kuandika anakoishi mdudu huyo mwezi wa saba, hakuna nafasi, kuna usajili wa Simba na Yanga.

Wengine watasema sayansi ya wadudu ni ya wazungu. Haya. Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, alianzisha kituo cha ICIPE Nairobi mwaka 1970, na mpaka leo dunia inakwenda pale kujifunza wadudu. Na sisi wenyewe: mwaka 1997 kisiwa cha Unguja kilitangazwa kimetokomeza mbung'o. Waliwazalisha mbung'o Tanga, madume yakahasiwa kwa mionzi, yakamwagwa kutoka kwenye ndege yakapandane na majike ya porini bila kuzaa. Haikuwa ndala iliyofanya kazi ile. Walikuwa watu waliojua mbung'o analala wapi, anazaa mara ngapi, anachagua nani. Watu hao lazima waanzie mahali, na mahali penyewe si chuo kikuu. Ni uani, wakiwa na miaka saba.

Kuhusu hatari, nakubali zipo. Tulikuwa na sheria nne na hakuna aliyeumia. Kiwavi mwenye manyoya hashikwi, anawasha. Mkono hauingizwi kwenye shimo. Jiwe linainuliwa kutoka upande wa mbali, ili kama kuna nge au nyoka jiwe liwe kati yako na yeye, na ukimaliza unalirudisha lilivyokuwa, maana ni nyumba ya mtu. Shamba lililopigwa dawa haliingiwi. Hiyo ya nne ndiyo iliyokuwa ngumu kuifuata, na wenye kulaumiwa si wadudu.

Jambo la mwisho ambalo sikulitarajia. Jioni tulikuwa tunamsomea bibi lile daftari karibu na moto. Tukifika kwa mdudu tusiyemjua jina, bibi anaangalia picha kwenye simu, anaisogeza mbali, anaisogeza karibu, halafu anataja jina kwa Kinyiha. Tena anasema huyu huwa anaonekana wakati gani, huyu analiwa, huyu akiwa wengi mwaka huo maharage yataharibika. Tuliandika majina kumi na moja. Wajukuu hawakuwa wamewahi kuyasikia hata moja. Bibi hakuwahi kuficha. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Miaka yote mtaalamu wa wadudu amekuwa anakaa pale jikoni, sisi tunakwenda duka la pembejeo kuuliza.

Kwa hiyo ninachoomba hakihitaji bajeti ya serikali wala mfadhili. Likizo ya mwezi wa sita mtoto yuko nyumbani. Mpe shuka kuukuu, fimbo, daftari na nusu saa ya asubuhi. Aandike tarehe, mti, alichokiona, wangapi. Arudie wiki ijayo mti ule ule. Asiyejua jina amuulize bibi. Mwalimu atakayetaka, shule zikifunguliwa, ayapokee madaftari hayo kama anavyopokea mchoro. Na wale wanaoandaa mabanda ya Nanenane pale John Mwakangale, Mbeya, pamoja na matrekta na mbegu, watenge meza moja ya watoto wa Mbozi na madaftari yao. Nitakuja na kamera, hata kama mhariri hataki.

Yule binti wa darasa la tano alikata kile kijiti chenye povu la vunjajungu, akakiweka kwenye kopo lililofunikwa kitambaa, dirishani kwa bibi. Nilimwambia huenda wasitoke hadi joto lirudi, pengine hadi mvua. Juzi amenipigia kwa simu ya mama yake.

"Anko, bado hawajatoka."

"Unaangalia?"

"Kila siku. Na hawajafa."

Naomba kutoa hoja.